Mwalimu Nyerere: Mwana wa Butiama aliyekataa masharti juu ya ndege za nchi

HAYATI Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, mkoani Mara, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza masomo Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, akaendelea Tabora, Makerere na Edinburgh, kabla ya kuiongoza Tanganyika hadi uhuru mwaka 1961.

Mtihani mmoja mgumu wa uongozi wake ulihusu ndege za jeshi. Ujerumani Magharibi ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuunda kikosi cha anga, lakini Februari 1965 iliwaondoa wakufunzi wake, ikipinga kufunguliwa kwa ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki nchini. Mwalimu hakusalimu amri. Aliitaka serikali hiyo iondoe na misaada yake mingine. Canada ikachukua jukumu la mafunzo, na katika miaka ya 1970 China ikatoa ndege za kivita za jeti na kusaidia kujenga kituo cha Ngerengere.

Nguvu hiyo ilipimwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, yakisaidiwa na ndege. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, akarejea Butiama kulima. Jeshi lilimjengea nyumba huko Mwitongo ikiwa shukrani. Alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999. Msafiri atokaye Mwanza hupita Bunda kabla ya kulifikia kaburi lake.