MAISHA YA HARRY THUKU: MTU ALIYEPITIWA NA FITNA MBILI

Katika duru yetu ya masomo tumezoea kuzitazama sera za watu waliotangulia ili tujue walipofuzu tuwafuate, na walipoteleza tujihadhari. Safari hii tumemchagua mtu wa bara ambaye hakuwa wa mji wetu wala wa dini yetu, naye ni Harry Thuku, Mkikuyu wa Kambui. Huenda baadhi yenu wakauliza sisi watu wa pwani tuna khabari gani naye. Jawabu ni kwamba mtu huyu aliletwa huku kwetu akiwa mfungwa wa siasa, akakaa Kismayu, kisha Lamu na Witu. Na kwamba taifa lake baadaye liligawanyika likapigana lenyewe kwa lenyewe, na wengi wa waliofungwa katika vita vile waliletwa pia kwenye visiwa na mito yetu. Jambo lililompata jirani si la kupuuzwa na mwenye akili.

Alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, katika wilaya ya Kiambu. Ni nchi ya vilima na udongo mwekundu iliyo juu ya miji ya Ruiru na Thika, jirani na Gatundu na Kiganjo. Mwaka huo ndio Mwingereza alioutangaza kuwa mwanzo wa Himaya yake ya Afrika ya Mashariki, na ndio mwaka ambao huku kwetu vilianza vita vya Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui. Kwa hiyo mtoto huyo hakupata kuijua nchi yake isiyokuwa na bendera ya mgeni. Alipokuwa kijana alikaa miaka kama minne na wamisionari wa Kambui, akajifunza kusoma na kuandika. Mwaka wa 1911 akashuka Nairobi kutafuta kazi, akawa tarishi katika benki. Haukupita muda akashitakiwa kwa hundi ya kughushi, akafungwa miaka miwili. Twaitaja khabari hii kwa sababu mwandishi wa sera akificha aibu za amwandikiaye, msomaji hatamwamini atajapo fadhila zake.

Alipotoka kifungoni aliingia katika kiwanda cha gazeti moja la walowezi, akawa mpanga herufi. Kazi ile ilimfaa kuliko shule, kwani kila lililoandikwa na Wazungu juu ya ardhi, kodi na vibarua lilipita mikononi mwake kabla halijachapwa. Kisha akapata kazi ya kupokea simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Akawa miongoni mwa Waafrika wachache wa zama zile waliojua Kiingereza, wenye mshahara wa kila mwezi na njia nyofu ya kuishi maisha ya raha. Lau angalinyamaza, hapana ambaye angalimgusa.

Lakini zama zenyewe hazikuwa za kunyamaza. Vita vikuu vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimewachukua watu kwa maelfu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Waliorudi wakakuta wamewekewa kipande, cheti kilichotiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni, bila ya hicho mwanamume hakuweza kutembea wala kuacha kazi. Mwaka wa 1920 Himaya ikageuzwa Koloni, isipokuwa ukanda wetu wa pwani uliobakia kwa jina la Sultani wa Unguja. Na kodi ya nyumba ikapandishwa hata shilingi 16. Mwaka uliofuata walowezi wakaazimia kupunguza ujira kwa thuluthi moja. Na lililowauma watu zaidi ya yote ni kwamba machifu na wazee wa vijiji walikuwa wakiwatoa wanawake na wasichana kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na baadhi yao wakavunjiwa heshima huko. Mashamba ya kahawa na mkonge ya pande za Thika na Ruiru yalitaka mikono mingi, na mikono ile ilipatikana kwa fimbo ya chifu.

Katika mwezi wa Juni 1921 Thuku na wenzake wakaunda chama cha vijana wa Kikuyu, na miongoni mwa wenzake hao alikuwamo Mkikuyu Muislamu, Abdalla Tairara. Punde Thuku akaona kwamba dhulma haichagui kabila, wala haifai kuishitaki kwa jina la kabila moja, basi chama kikapewa jina la Afrika ya Mashariki na kufunguliwa kwa watu wote. Akapeleka simu ya maandishi moja kwa moja London kueleza malalamiko, asipitie kwa machifu wala kwa wamisionari. Kwa jambo hilo kazi yake ya Hazina ikamtoka. Akazunguka vijijini akiwahutubia watu kwa maelfu, akiwahimiza wakatae kazi ya kulazimishwa na kipande.

Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoonekana. Machifu walikuwa na chama chao, na katika wakubwa wake alikuwamo Koinange wa Mbiyu wa Kiambaa. Wao walitaka mambo yaendelee kwa taratibu na kwa njia ya serikali. Vijana wakawaona kuwa ni vibaraka, nao machifu wakawaona vijana kuwa ni waharibifu. Mwishowe machifu kadhaa na baadhi ya wamisionari wakatoa ushahidi dhidi ya Thuku.

Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi wakitaka aachiliwe, na tarehe 16 wakawa ni umati mkubwa. Wazee waliokwenda kuonana na wakubwa wa serikali waliporudi na kuwashauri watu watawanyike, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume kwa uoga wao, kwa namna ambayo katika desturi ya Kikuyu ni fedheha kuu kwa mwanamume. Umati ukasogea mbele, askari wakafyatua bunduki, na walowezi waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Serikali ilitaja waliokufa kuwa ni 21. Watu walioshuhudia walisema ni wengi zaidi. Muthoni alikuwa mmoja wao.

Thuku hakuhukumiwa mbele ya kadhi wala jaji. Alihamishwa kwa amri, akapelekwa Kismayu, mji uliokuwa wakati huo chini ya serikali ya Kenya. Mwaka wa 1925 nchi ya Juba ilipopewa Wataliana, yeye akarudishwa upande huu, akawekwa Lamu, kisha Witu, na mwishowe Marsabit katika nchi kavu ya kaskazini. Jumla ikawa ni karibu miaka tisa ya ghurba. Huko Marsabit aliutumia muda wake kulima, na ujuzi ule ndio uliokuja kuwa riziki yake ya uzeeni.

Aliachiliwa mwisho wa mwaka wa 1930. Nyuma yake mambo yalikuwa yamebadilika. Chama kipya cha Kikuyu kilikuwa kimesimama tangu 1924, na jina la Thuku likawa ndio bendera yake. Tena mwaka wa 1929 kulitokea khitilafu kali baina ya wamisionari na wazee juu ya kutahiriwa kwa wasichana. Makanisa yakapasuka, shule zikapasuka, na nyumba moja ikawa na watoto wasomao kwa misioni na wasomao katika shule za kujitegemea. Thuku akachaguliwa kuwa mkubwa wa chama mwaka wa 1932, lakini hakupatana na wenzake. Mwaka wa 1935 akajitenga, akaunda chama chake kilichoahidi kufuata sheria na kuitii serikali. Mwaka wa 1944 alipata kuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama cha Waafrika wa Kenya nzima, kisha akawaachia wengine, na mwaka wa 1947 nafasi hiyo ikamfikia Jomo Kenyatta wa Gatundu, jirani yake.

Sasa tufikie fitna ya pili, nayo ndiyo kubwa. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Waruhiu aliuawa kwa risasi katika wilaya ya Kiambu, na tarehe 20 serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Kenyatta na wenzake wakakamatwa usiku huo. Vijana wakaingia msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya, na serikali ikawapa silaha Wakikuyu wengine kuwa walinzi wa nyumbani. Tangu hapo vita havikuwa baina ya Mzungu na Mwafrika peke yao. Aliyekula kiapo na aliyekikataa walikuwa wakichota maji katika mto mmoja, na mara nyingi walinyonya ziwa moja. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, nyumba za wafuasi wa chifu zilitiwa moto pamoja na waliomo, wake na watoto, wakafa watu wapatao 70 na zaidi. Na siku zilizofuata wakauawa wengi kwa kisasi, na hao hawakuhesabiwa sawasawa. Baina ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja walitolewa katika makao yao wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na handaki zile zilichimbwa na wanawake wenyewe, kwa kuwa waume walikuwa ama msituni ama kizuizini. Vilima vya Kiganjo na Gatundu havikusalimika na mambo hayo. Katika jela ya Kamiti, upande wa Ruiru, waasi walinyongwa, na Dedan Kimathi alikuwa mmoja wao, tarehe 18 Februari 1957. Watu 1,090 walinyongwa katika vita hivyo, na serikali yenyewe ilikiri kuua wapiganaji zaidi ya 11,000. Walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika waliouawa na waasi walizidi 1,800. Basi msomaji na apime mwenyewe ni damu ya nani iliyomwagika.

Na sisi tulikuwa tukiona. Kisiwa cha Manda, mbele ya Lamu, kilifanywa kizuizi. Huko Hola, kwenye mto Tana, wafungwa 11 walipigwa hata kufa tarehe 3 Machi 1959.

Thuku alisimama wapi? Yeye aliyefungwa miaka tisa kwa ajili ya watu wake alipinga vita hivyo waziwazi. Disemba 1952 alisema katika redio akiwakataza watu na uasi, na Januari 1954 aliungana na wazee wengine kuulaani. Na tazama ajabu ya dunia: Koinange, aliyekuwa katika chama cha machifu kilichoshindana na Thuku mwaka wa 1922, sasa ndiye aliyeshitakiwa katika kesi ya kuuawa Waruhiu, akaachiliwa na mahakama, lakini serikali ikamzuia, na mwaka wa 1960 akafa. Wazee wawili walibadilishana mahali. Walioimba jina la Thuku zamani sasa wakamwita msaliti.

Wako wasemao kwamba alinunuliwa, na wako wasemao kwamba alichoka. Sisi twaona insafu yataka tuseme mambo mawili. La kwanza, khofu yake ilikuwa na haki. Mtu aliyeona maiti barabarani mwaka wa 1922 kwa sababu ya jina lake halaumiwi kwa kuchukia kuona nyingine. Wala kiapo anacholishwa mtu usiku kwa kutishwa hakimfanyi kuwa huru. La pili, maneno yake yalikuwa na upungufu. Kukataza vita bila ya kuondoa dhulma iliyovizaa ni kumwambia mgonjwa asiugue. Ardhi ilikuwa bado mikononi mwa wageni, na wengi waliorudi kutoka vizuizini walikuta mashamba ya kwao yamepimwa upya na kugawanywa wao hawapo. Aliyekuwa upande wa serikali alipata, na aliyekuwa upande wa pili alikosa. Chuki za namna hiyo haziishi siku moja na kuondolewa kwa amri, iliyokuwa mwezi wa Januari 1960.

Baada ya hayo Thuku alishika kahawa yake huko Kambui. Mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika halmashauri ya umoja wa wakulima wa kahawa wa Kenya. Zao lile ambalo wasichana wa kwao walilazimishwa kulichuma, yeye alilipanda kwa khiyari yake na kuliuza kwa jina lake. Hakutaka cheo katika serikali ya uhuru. Akafa kwao tarehe 14 Juni 1970.

Leo barabara ipitayo kando ya hoteli ya Norfolk, pale walipopigwa watu kwa ajili yake, yaitwa kwa jina lake. Marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa. Majina ya walioingia msituni yamerudishiwa heshima, nayo ni haki yao. Lakini katika vilima vile wako bado wajukuu wa mlinzi na wajukuu wa mpiganaji waliooana, na yapo mambo ya mashamba yasiyozungumzwa mbele ya wageni.

Ndugu zetu, miji yetu nayo ina makundi yake, wenyeji na wageni, ukoo huu na ukoo ule. Ufa wa 1922 ulikuwa mdogo, ungaliweza kuzibwa na wazee wenye kusikiliza na vijana wenye kustahi. Haukuzibwa, na baada ya miaka thelathini ukabomoa ukuta. Tumwangalie Thuku kwa umri wake mzima, si kwa siku moja ya sifa wala kwa siku moja ya lawama. Na tuanze kufanya hivyo kwa majirani zetu walio hai.