Andrew Foster (1925–1987): Baba wa Elimu ya Viziwi Barani Afrika

Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 10, Mtume Paulo anaeleza jinsi imani inavyozaliwa kwa kulisikia Neno la Kristo. Kwa karne nyingi wako waliolichukua fundisho hilo kijuujuu, wakadhani kwamba asiyesikia kwa masikio hawezi kuamini. Viziwi wakaachwa nje ya mafundisho, na mahali pengine wakatengwa hata na meza ya Bwana. Martin Luther aliliona kosa hilo mapema. Mwaka 1520, katika maandishi yake juu ya Agano Jipya na Misa, aliwakemea waliowapa viziwi mkate usiowekwa wakfu ili kuwaridhisha kwa udanganyifu. Alifundisha kwamba hao nao ni Wakristo, na kwamba Sakramenti ni haki yao kama ilivyo haki ya wengine.

Hata hivyo swali moja lilibaki: kiziwi atalipataje Neno lenyewe, apate kujua anachokiamini? Miongoni mwa waliolijibu swali hilo kwa maisha yao yote ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi, naye mwenyewe kiziwi. Hakuwa Mlutheri, lakini historia ya utumishi wa Kanisa kwa viziwi wa Afrika haikamiliki bila habari zake. Kwa sababu hiyo zinapewa nafasi katika kitabu hiki cha miaka 100 ya Usharika.

Kuzaliwa na Kupoteza Usikivu

Andrew Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, mji wa viwanda vya chuma karibu na Birmingham, katika jimbo la Alabama. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1936, Andrew akiwa na umri wa miaka 11, yeye na mdogo wake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Wote wawili walipona, lakini wote wawili wakawa viziwi.

Alabama ya siku hizo iliwatenga watu weusi na weupe, shuleni, kazini na hata kanisani. Vijana hao walipelekwa Talladega, katika shule ya viziwi na wasioona weusi. Huko Andrew alijifunza kuzungumza kwa alama za mikono, akarudishiwa mazungumzo na wenzake ambayo ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya. Lakini masomo ya shule hiyo hayakufika mbali. Mtoto mweusi aliye kiziwi hakutarajiwa kwenda zaidi ya darasa za msingi na kazi ya mikono.

Wito

Mwaka 1942, akiwa na miaka 17, Foster alihamia Detroit, jimbo la Michigan, ambako vita vilikuwa vimefungua nafasi nyingi viwandani. Mchana alifanya kazi, na saa zilizobaki alisoma. Katika mji huo ndipo alipompokea Kristo kuwa Mwokozi wake. Huko pia alipata habari kutoka kwa mmisionari aliyetumika Jamaika, aliyesimulia jinsi watoto viziwi wa kisiwa hicho walivyokosa shule na mafundisho ya dini. Habari hizo zilimchoma moyo. Kuanzia hapo macho yake yaligeukia watoto waliokuwa katika giza hilo hilo ng'ambo ya bahari, na hasa barani Afrika.

Ili kwenda alihitaji elimu. Alimaliza masomo ya sekondari kwa njia ya posta. Aliomba nafasi katika Chuo cha Gallaudet, Washington, chuo kikuu cha viziwi, naye akakataliwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa. Mwaka 1951 alipokelewa, na mwaka 1954 akahitimu katika fani ya elimu. Alikuwa kiziwi mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo hicho. Aliongeza shahada nyingine mbili, moja ya elimu huko Michigan na nyingine ya kazi ya misioni huko Seattle. Mwaka 1956 alianzisha Misheni ya Kikristo kwa Viziwi wa Afrika.

Ghana, 1957

Foster aliwasili Accra mwaka 1957, miezi michache tu baada ya Ghana kupata uhuru wake tarehe 6 Machi. Wako waliomwambia kwamba nchi hiyo haikuwa na watoto viziwi. Ukweli ni kwamba walikuwapo, ila hawakuonekana. Wengi walikaa majumbani, hawakupelekwa shule, na wazazi waliwaonea haya wakidhani kuwa uziwi ni laana. Foster aliwatafuta mitaani na nyumba kwa nyumba. Akapewa nafasi katika jengo la shule ya Wapresbiteri huko Osu, ambamo alifundisha baada ya wanafunzi wengine kwenda nyumbani. Watoto walikuja, na watu wazima pia walikuja. Mwaka 1959 shule ilihamia Mampong-Akuapem, ikawa ya bweni.

Ni vema kuelewa uzito wa kazi hiyo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ya watu wanaosikia hukua bila lugha kamili. Hujua njaa, hujua kupendwa na kufukuzwa, lakini huenda asijue kwamba yeye mwenyewe ana jina. Mtoto kama huyo hawezi kuhubiriwa siku ya kwanza. Huonyeshwa kitu na alama yake, kisha herufi kwa vidole, kisha neno ubaoni, mpaka siku moja aelewe kwamba kila kitu kina jina na kwamba watu wanaweza kusimuliana habari za jana na za kesho. Hapo ndipo habari za Mungu zinapopata pa kukaa. Kwa Foster, basi, shule na kanisa havikuwa kazi mbili.

Katika alama alizozileta, jina la Yesu hutajwa kwa kugusa kiganja cha kila mkono kwa kidole cha kati cha mkono wa pili, mahali pa misumari. Kiziwi hulitaja jina la Bwana na kuonyesha majeraha yake kwa tendo moja. Kwake yeye, jina hilo lenyewe ni mahubiri mafupi ya msalaba.

Lugha Iliyodharauliwa

Msimamo wa Foster haukuwa rahisi. Tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, shule nyingi za Ulaya na Marekani zilikataza alama darasani. Mtoto alitakiwa kusoma midomo ya mwalimu na kujitahidi kutamka, na mahali pengine aliadhibiwa akitumia mikono. Alama zilihesabiwa kuwa ishara tu, si lugha. Ni mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu wa Gallaudet aliyekuwa na usikivu, alipochapisha utafiti ulioonyesha kwamba alama za Wamarekani zina mpangilio wa lugha kamili. Wakati huo Foster alikuwa na miaka mitatu akifundisha kwa alama katika Afrika.

Kazi yake ilikuwa na upungufu wake pia, na haki inadai usemwe. Alama alizozileta zilikuwa za Marekani. Huko huko kwenye milima ya Akuapem kiko kijiji cha Adamorobe, ambacho kimekuwa na viziwi wengi wa kuzaliwa kwa vizazi vingi, nao walikuwa na lugha yao ya alama, iliyoeleweka hata kwa majirani waliosikia. Lugha hiyo imepungua nguvu kwa kadiri alama za shuleni zilivyoenea. Aliyepeleka lugha kwa wasiokuwa nayo hakuweza kuzilinda zote zilizokuwapo kabla yake. Kanisa linalofuata nyayo zake linajifunza hapo kuuliza kwanza viziwi wa mahali wanazungumzaje, ndipo lifundishe.

Familia na Safari

Katika mkutano wa viziwi wa dunia uliofanyika Wiesbaden, Ujerumani, mwaka 1959, Foster alikutana na Berta Zuther, Mjerumani aliye kiziwi. Walifunga ndoa mwaka 1961, na Mungu akawajalia watoto watano. Berta alishiriki kazi ya misheni na kubeba upweke mwingi, kwa kuwa mumewe alikuwa safarini mara kwa mara, ama Afrika akifungua shule, ama Marekani akikusanya fedha za kuziendesha.

Kutoka Ghana kazi ilienea Nigeria, ambako shule zilianzishwa Ibadan, Kaduna na Enugu. Ibadan ikawa pia mahali pa kuwafundisha viziwi wenyewe kuwa walimu na viongozi wa makanisa yao. Foster alijifunza Kifaransa ili aweze kuzifikia nchi kama Kameruni, Zaire na Burundi. Inahesabiwa kwamba alianzisha shule zipatazo 31 katika nchi 13. Mwaka 1970 Chuo cha Gallaudet, kilichokuwa kimemfungia mlango, kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Kifo na Urithi Wake

Tarehe 3 Desemba 1987 Foster alipanda ndege ndogo nchini Rwanda akielekea Kenya. Ndege hiyo ilianguka, naye akaitwa na Bwana akiwa na umri wa miaka 62. Mwaka 2004 Gallaudet, ambayo sasa ni chuo kikuu, iliupa ukumbi wake mmoja jina lake.

Nchini Tanzania kazi kama hiyo ilifanywa na watumishi wengine. Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na mwaka 1981 Walutheri wa Dayosisi ya Pare wakaanzisha shule ya viziwi huko Mwanga. Baadaye viziwi wenyewe, kupitia chama chao CHAVITA, walisimama kuitetea Lugha ya Alama ya Tanzania.

Andrew Foster aliambiwa kwamba viziwi hawapo, akaenda kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Usharika unaoingia karne ya pili unao urithi huo mbele yake. Ikiwa hakuna kiziwi anayeonekana ibadani Jumapili, haina maana kwamba hayupo mtaani. Na akija, haitoshi kumpa kiti cha mbele, kwa maana Luther alikwisha kuonya juu ya mkate usio na Neno. Atahitaji mtu wa kumsomea Neno kwa mikono, mwalimu wa Kipaimara anayeijua lugha yake, na washarika walio tayari kujifunza, hata wazeeni, kumsalimu ndugu yao kwa alama.