Patrice Lumumba: mgombea aliyetoka gerezani Likasi akawa Waziri Mkuu

Mwezi wa Januari 1960, gereza la Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, lilipokea mfungwa aliyeletwa kwa ndege kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mahakama ilikuwa imemkatia kifungo cha miezi 6. Siku chache baadaye mfungwa huyo alikuwa Bruxelles, ameketi meza moja na wakubwa wa Ubelgiji. Kabla ya miezi 6 hiyo kuisha, alikuwa Waziri Mkuu wa Congo. Jina lake ni Patrice Emery Lumumba.

Likasi iko kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, katikati ya nchi ya shaba. Kila siku magari yanayobeba madini ya Lualaba yanapita hapo. Wengi wanajua namna Lumumba alivyouawa Katanga. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka mmoja mbele ya kifo chake alikuwa ameshafungwa katika eneo hilohilo, tena wakati nchi ikiwa ndani ya uchaguzi.

Kesi ya kwanza: pesa za posta

Lumumba alizaliwa Julai 2, 1925, katika kijiji cha Onalua, eneo la Katako-Kombe, huko Sankuru. Akiwa kijana alikwenda Kindu kutafuta kazi, kisha Stanleyville, ambako aliajiriwa na posta. Alisoma sana kwa juhudi zake mwenyewe, akaandika katika magazeti, akaongoza vyama vya Waafrika waliosoma. Kiswahili, Lingala na Kifaransa alivizungumza bila shida, na jambo hilo lilimsaidia baadaye kusikilizwa pande nyingi za nchi.

Julai 1956, alipokuwa ametoka safari ya Ubelgiji, alikamatwa. Alishitakiwa kwamba amechukua pesa za posta, zaidi ya faranga 120,000. Hakukana kuzichukua. Mahakama ilimhukumu miaka 2, kifungo kikapunguzwa, na Septemba 1957 akawa huru.

Kwa mtu mwingine, habari ingeishia hapo. Alikuwa amepoteza kazi na jina lake lilikuwa limechafuka. Lumumba alihamia Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Bracongo kuuza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimpitisha katika vitongoji na baa za mji mkuu, mahali ambapo watu walikuwa wanaongea siasa. Oktoba 1958 chama cha MNC kikazaliwa, yeye akiwa kiongozi wake. Desemba ya mwaka huo alikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima, na aliporudi alisimama mbele ya umati akidai uhuru.

Wapinzani wake hawakusahau kesi ya posta. Kila alipopanda, waliirudisha. Lakini kosa la pesa halikutosha kuwatenganisha wafuasi wake naye. Kesi ya pili ilikuwa ya namna nyingine: safari hii alishitakiwa kwa maneno.

Kesi ya pili: hotuba na uchaguzi

Mwisho wa Oktoba 1959, MNC ilifanya kongamano lake Stanleyville. Wakati huo chama kilikuwa kimeshagawanyika, upande mmoja Lumumba, upande mwingine Albert Kalonji. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa mitaa kwa mwezi wa Desemba. Baada ya kongamano fujo zikazuka mjini, askari wakafyatua risasi, na watu wengi wakapoteza maisha. Novemba 1, Lumumba alikamatwa kwa shitaka la kuchochea raia.

Kwa hiyo Desemba ilipofika, chama kilikwenda kwenye kura kiongozi wake akiwa ndani. Huko Stanleyville MNC ya Lumumba ilipata ushindi mkubwa. Wakaaji wa mji ambako alishitakiwa walikuwa wametoa hukumu yao kabla ya mahakama.

Kesi ilisikilizwa Stanleyville katikati ya Januari 1960. Januari 21 alihukumiwa miezi 6, na mara moja akapelekwa Katanga, mbali na watu wake, kwenye gereza la Jadotville. Kwa serikali ya kikoloni, Katanga ya Union Minière ilionekana mahali salama pa kumweka. Chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilikuwa na nguvu katika miji ya migodi, na Lumumba hakuwa na jeshi la wafuasi hapo.

Lakini siku moja kabla ya hukumu, mkutano wa Meza ya Mviringo ulikuwa umefunguliwa Bruxelles ili kupanga uhuru wa Congo. Wajumbe wa Congo, hata wale waliokuwa wapinzani wake, walidai Lumumba aletwe. Ubelgiji ikajikuta na shida: makubaliano yoyote bila mtu huyu yangekuwa karatasi tu. Januari 25 alifunguliwa. Alifika Bruxelles akiwa bado na alama za pingu mikononi, na Januari 27 tarehe ya uhuru ikatangazwa: Juni 30, 1960.

Kutoka kura hadi serikali

Uchaguzi wa bunge ulifanyika Mei 1960. MNC ya Lumumba ilipata viti 33 kati ya 137, na pamoja na washirika wake ikafika 41. Hakuna chama kingine kilichoifikia. Juni, bunge lilipiga kura juu ya serikali yake na wabunge 74 wakaikubali. Alikuwa hajatimiza miaka 35.

Katika Katanga mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Conakat na Kartel ya Balubakat ya Jason Sendwe zilikaribiana sana kwa viti vya bunge la jimbo. Sheria ya Msingi ilitaka theluthi mbili za wabunge wawepo ili serikali ya jimbo iundwe. Kartel ikasusia vikao. Ndipo bunge la Ubelgiji, wiki 2 tu kabla ya uhuru, likabadilisha sheria hiyo, na Conakat ikaunda serikali peke yake. Tshombe, mwana wa Musumba katika Lualaba ya leo, akawa rais wa jimbo. Julai 11, 1960, alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na kodi za shaba zikabaki kwake.

Serikali ya Lumumba haikudumu. Septemba 5, Rais Kasavubu alimfukuza, na Septemba 14 Kanali Mobutu akachukua madaraka. Alipojaribu kwenda Stanleyville alikamatwa mapema Desemba karibu na mto Sankuru, akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu.

Safari ya mwisho Katanga

Januari 17, 1961, Lumumba alipelekwa tena Katanga kwa ndege, akiwa amefungwa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ulikuwa haujatimia mwaka tangu apelekwe Jadotville. Mara ya kwanza kulikuwa na mashitaka, mawakili, hakimu na hesabu ya miezi. Mara hii hapakuwa na kitu. Waziri Mkuu aliyekubaliwa na bunge hakusomewa shitaka lolote. Usiku uleule wote 3 walipigwa risasi porini Shilatembo, upande wa barabara ya kwenda Jadotville, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi, ili kusiwe na kaburi. Serikali ya Katanga ilitangaza Februari kwamba wanakijiji ndio waliowaua.

Kujitenga kwa Katanga kuliisha Januari 1963, na Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Tshombe kabla ya askari wa Umoja wa Mataifa kuingia. Yeye naye alirudi katika siasa, akawa Waziri Mkuu mwaka 1964, na muungano wake wa CONACO ukashinda uchaguzi wa 1965. Oktoba mwaka huo Kasavubu alimfukuza. Machi 1967 mahakama ya kijeshi ya Mobutu ilimhukumu kifo akiwa hayupo, na Juni 1969 alifia kizuizini Algeria. Njia iliyomfungulia mlango mwaka 1960, ya kupindisha sheria ili mshindani atoke, ilimrudia.

Tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba baadhi ya viongozi wa nchi hiyo walibeba wajibu wa kimaadili katika mauaji ya Lumumba, na mwaka 2002 serikali yake ikaomba msamaha. Mwaka 2011, miaka 50 baada ya Shilatembo, familia yake ilipeleka mashitaka kwenye mahakama ya Bruxelles. Juni 2022 jino moja, ndilo pekee lililosalia la mwili wake, lilirudishwa Congo. Lilipitishwa Onalua, Kisangani na Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa.