Walt Disney: Baba aliyechoka kukaa kwenye benchi, akajenga Disneyland

Kama una watoto wadogo, hii unaijua. Wikiendi umewavalisha vizuri, mmefika kwenye bembea, wao wanapanda na kupiga kelele za furaha. Wewe umesimama pembeni, mkono mmoja umeshika viatu, mwingine chupa ya maji, na kila baada ya dakika mbili unaangalia saa. Ikifika saa nane mchana mdogo analia, mkubwa anataka ice cream ya pili, na wewe umechoka hoi.

Zaidi ya miaka 80 iliyopita kulikuwa na baba mmoja Los Angeles, Marekani, mwenye tatizo hilo hilo. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kutoka na mabinti zake wawili, Diane na Sharon. Mara nyingi waliishia Griffith Park, kwenye bembea kubwa ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Watoto wanazunguka, baba yupo kwenye benchi anatafuna karanga.

Baba huyo alikuwa tayari anajulikana dunia nzima. Ni Walt Disney, yule wa Mickey Mouse. Lakini pale kwenye benchi umaarufu haukumsaidia kitu. Alichokuwa anajiuliza ni kwa nini hakuna sehemu ambayo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja, badala ya mmoja kucheza na mwingine kusubiri.

Viwanja vya michezo vya wakati huo vilimkera. Vilikuwa vichafu, rangi imebanduka, wahudumu wakali. Mkewe, Lillian, naye hakuelewa mtu mwenye akili timamu anaenda kujenga kiwanja cha namna hiyo kwa ajili gani.

Mtoto wa magazeti

Ukitaka kuelewa kwa nini jambo hili lilimkaa kichwani, rudi kwenye utoto wake.

Walt alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias, alikuwa fundi seremala aliyewahi kufanya kazi kwenye ujenzi wa maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Mwaka 1906 familia ilihamia shamba dogo karibu na mji wa Marceline, Missouri. Huko Walt alipata miaka michache ya raha: miti, wanyama, reli inayopita mjini. Mtaa mkuu wa Disneyland, ule unaoingilia getini, umetokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za mji huo.

Raha haikudumu. Shamba lilishindikana, na mwaka 1911 wakahamia Kansas City, ambako Elias alinunua biashara ya kusambaza magazeti. Walt, akiwa na miaka kama tisa tu, aliingizwa kazini pamoja na kaka yake Roy. Aliamka saa tisa na nusu usiku, akazunguka nyumba hadi nyumba, kwenye theluji na mvua, kisha akaenda shule. Alifanya hivyo kwa takriban miaka sita. Watoto wengine waliosambaza magazeti walilipwa, lakini wanawe mwenyewe Elias hakuwalipa.

Kuna jambo moja ambalo Walt alilisimulia hadi ukubwani. Kwenye nyumba za wenye uwezo alikuta midoli imeachwa barazani tangu jioni. Aliweka mzigo chini, akacheza nayo gizani dakika chache, kisha akairudisha vile vile ilivyokuwa ili wenyewe wasijue.

Hapo naona ndipo penye Disneyland, kuliko hata kwenye lile benchi.

Kufilisika, panya na madeni

Sehemu hii tuipitie haraka maana wengi mnaijua. Mwaka 1918 alichezea tarehe yake ya kuzaliwa kwenye fomu ili aende Ufaransa na Msalaba Mwekundu. Alifika vita vimeisha, akaendesha magari ya wagonjwa. Akarudi, akaanzisha kampuni ya katuni Kansas City, ikafilisika mwaka 1923. Akapanda treni kwenda Hollywood, na mwaka huo huo yeye na Roy wakafungua studio yao. Mwaka 1925 akamuoa Lillian, aliyekuwa mfanyakazi wa studio.

Mwaka 1928 alinyang'anywa sungura wake wa katuni, Oswald, kwa sababu haki zilikuwa za msambazaji. Akabaki na rafiki yake Ub Iwerks, na kutoka hapo akazaliwa Mickey Mouse. Mwaka 1937 ikaja filamu ndefu ya Snow White, ambayo watu wa Hollywood walikuwa wameitabiria kumfilisi. Ikatengeneza pesa nyingi.

Kwa pesa hizo Walt na Roy waliwanunulia wazazi wao nyumba. Novemba 1938 mtambo wa kupasha joto kwenye nyumba hiyo ulivuja hewa ya sumu na mama yao, Flora, akafariki. Walt hakupenda kulizungumzia tukio hilo maisha yake yote.

Na tusimfanye malaika. Mwaka 1941 wachoraji wake waligoma wakidai chama cha wafanyakazi na malipo ya haki. Yeye alilichukulia kama usaliti wa kifamilia, na baadhi yao hakuwasamehe. Mwaka 1947 alienda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akawataja baadhi ya wale waliogoma kuwa wakomunisti. Yaani mtu huyo huyo aliyejali kama mtoto wako amechoka alikuwa bosi mgumu kweli kweli.

Alikagua kama mzazi

Agosti 1948 aliandika waraka mfupi kuhusu bustani ndogo ambayo angeijenga jirani na studio yake mjini Burbank. Halmashauri ya mji ilikataa. Hakuacha. Alianza kutembelea maonyesho, bustani za wanyama na viwanja vya michezo, akiangalia mambo ambayo wengi hatuyaangalii: foleni inakaa wapi, watu wanachoka saa ngapi, choo kiko mbali kiasi gani, takataka zinaangukia wapi.

Mwaka 1951 alifika Tivoli, bustani ya burudani ya Copenhagen, Denmark. Pale alikuta kitu alichokuwa anakitafuta: pasafi, maua, taa, sehemu za kukaa, chakula kizuri, na wazee na watoto pamoja.

Mwaka 1953 watu wake waliupeleka mpango kwa wamiliki wa viwanja vya michezo waliokuwa wamekusanyika Chicago. Wakongwe hao waliuponda. Geti moja tu litaleta msongamano. Kasri halilipiwi kiingilio, sasa la nini? Maua na mabenchi ni kupoteza nafasi ambayo ingeingiza hela. Na treni za kutisha, zile za kupanda na kuporomoka, ziko wapi?

Walt aliwasikia, akaendelea na yake. Geti moja, kwa sababu familia ikipotezana inajua pa kukutania. Kasri mwisho wa mtaa mkuu, kwa sababu mtu akiona kitu kirefu mbele anajua pa kwenda bila kuuliza. Kuzunguka bustani nzima aliweka tuta la udongo na reli juu yake, ili ukiwa ndani usione magari na nyaya za umeme. Ghorofa za juu za majengo ya mtaa mkuu alizifanya ndogo kuliko kawaida, ili mtoto asijisikie amemezwa. Pombe hakutaka ndani. Chingamu hadi leo haiuzwi mle, kwa sababu inaganda kwenye viatu na sakafu.

Inasimuliwa pia kwamba alikuwa anachuchumaa ili aone bustani kutoka urefu wa mtoto. Hebu jaribu siku moja ukiwa kwenye foleni na mwanao wa miaka minne. Utagundua anachokiona ni magoti na mikoba ya watu.

Pesa ndiyo ilikuwa shida. Roy, mshika hazina, alikuwa na wasiwasi, na mabenki yalisita. Walt alikopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha na akauza nyumba yake ya mapumziko ya Palm Springs. Mwishowe kituo cha televisheni cha ABC kilitoa dola 500,000 na kudhamini mkopo wa milioni 4.5, kwa sharti kwamba Walt awatengenezee kipindi cha kila wiki. Mjini Anaheim, kusini mwa Los Angeles, zikanunuliwa ekari 160 za mashamba ya michungwa. Ujenzi ulianza Julai 1954 na ulichukua mwaka mmoja tu. Gharama ilifika dola milioni 17.

Siku ya ufunguzi ilikuwa vurugu

Hapa kuna faraja kwa kila mzazi ambaye safari yake iliwahi kuharibika. Tarehe 17 Julai 1955, siku ya mwaliko maalumu, walifika watu karibu 28,000, wengi kuliko waliotarajiwa, baadhi wakiwa na tiketi za kughushi. Joto lilikaribia nyuzi 38. Lami ya barabara ilikuwa mbichi, visigino vya viatu vya akina mama vikawa vinazama. Chakula kiliwaishia wauzaji. Gesi ilivuja, na sehemu ya watoto wadogo ikafungwa kwa muda.

Kabla ya hapo mafundi bomba walikuwa wamegoma, na muda haukutosha kumaliza kila kitu. Walt aliambiwa achague: vyoo, au mabomba ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo. Watu wakalalamika kwamba maji yamefichwa ili wanunue soda. Lakini mzazi mwenye mtoto aliyetoka kwenye pampasi juzi ataona alichagua sawa.

Magazeti mengine yaliponda. Ndani ya wiki saba hivi wageni walikuwa wametimia milioni moja.

Baada ya hapo ndipo Walt alipoanza kazi aliyoipenda. Alikuwa na chumba chake juu ya kituo cha zimamoto cha mtaa mkuu. Alilala humo baadhi ya siku, kisha akatembea kati ya wageni, akapanga foleni kama wao. Aliwahi kugundua safari ya boti msituni, iliyotakiwa kuchukua dakika saba, imekatwa hadi kama dakika nne na nusu. Alikasirika kama mteja aliyepunjwa, na waendeshaji wakarudishwa mazoezini.

Boti hizo zina kichekesho kwetu. Walt alitaka viboko na simba wa kweli kwenye mto wake wa kuigiza Afrika. Wataalamu wakamwambia mchana wanyama watalala au watajificha, jambo ambalo yeyote aliyekwenda Mikumi au Maasai Mara saa saba mchana analijua. Akaweka wanyama wa mashine. (Simba na Rafiki, wenye majina ya Kiswahili kabisa, walikuja kwenye filamu ya kampuni hiyo mwaka 1994. Walt alikuwa amekufa miaka 28 kabla.)

Kilichobaki kwa anayepanga safari

Mwaka 1955 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na ndani ulilipia kila mchezo. Leo tiketi ya siku moja kwa mtu mzima inazidi dola 100, na foleni siku za sikukuu zinaweza kumaliza uvumilivu wa mtawa. Kwa hiyo ndoto ya familia ya kawaida kuingia kirahisi imepungua sana, tuseme ukweli.

Ila mpangilio wake bado unamsaidia mwenye watoto wadogo. Walio chini ya miaka 3 hawalipi. Kuna chumba cha kubadilishia na kulishia watoto wachanga. Kwenye mchezo wenye kipimo cha urefu, mzazi mmoja anaweza kupanda huku mwenzake amebaki na mtoto, kisha wakabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Treni ya juu ya tuta bado inazunguka, na kwa mtoto aliyechoka hicho ni kiti chenye upepo. Wazoefu wa safari hizi wanaingia geti linapofunguka, wanachagua michezo mitatu au minne ya lazima, wanaondoka mchana watoto wakalale, wanarudi jioni jua limepungua. Hata kama safari yako ni ya ufukweni tu au bustani ya bembea ya mjini, ratiba hiyo inafanya kazi, na mapumziko ya mchana ndiyo yasiyofaa kukatwa.

Walt mwenyewe hakuiona bustani yake ya pili. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, ingawa alijitahidi watoto wasimwone akivuta. Tarehe 15 Desemba 1966, siku kumi baada ya kutimiza miaka 65, saratani ya mapafu ilimuua. Wakati huo kampuni ilikuwa imenunua zaidi ya ekari 27,000 Florida, kimyakimya ili bei isipande.

Roy, yule kaka wa magazeti ya usiku, alikuwa anajiandaa kustaafu. Aliahirisha, akasimamia ujenzi, na akasisitiza jina liwe Walt Disney World, likiwa na jina la kwanza la mdogo wake. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Roy alifariki tarehe 20 Desemba mwaka huo huo.