Nabii Yeremia

Yeremia (kwa Kiebrania ירמיהו, Yirmeyahu, alizaliwa Anathothi, katika ufalme wa Yuda, mnamo 650 KK) alikuwa mmojawapo wa manabii wakubwa wa Israeli ya kale. Habari zake zinapatikana hasa katika kitabu cha Biblia chenye jina lake. Wakatoliki na Waorthodoksi humwadhimisha kama mtakatifu tarehe 1 Mei.

Wito na maagizo

Alizaliwa katika ukoo wa makuhani, katika kijiji kilicho kilometa 5 hivi kutoka Yerusalemu. Aliitwa na Mungu mwaka wa 13 wa mfalme Yosia (627 KK hivi). Alijitetea kwamba bado ni kijana asiyejua kusema, lakini udhuru wake haukukubaliwa.

Baadhi ya maagizo aliyopewa yalikuwa magumu kueleweka. Alikatazwa kuoa na kuzaa watoto, asiingie nyumba yenye matanga wala yenye karamu. Baadaye aliagizwa kuvaa nira shingoni, ishara kwamba mataifa yajitie chini ya Babuloni. Hanania, nabii aliyeahidi ukombozi ndani ya miaka 2, aliivunja nira hiyo hekaluni mbele ya watu. Yeremia alikwenda zake, akarudi kumjibu baada tu ya kupata neno la Mungu.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kutii bila kuuliza. Sala zake, zinazojulikana kama Maungamo ya Yeremia, zinamlalamikia Mungu waziwazi, na mahali pamoja analaani siku aliyozaliwa.

Shamba la Anathothi

Agizo la ajabu kuliko yote lilikuja wakati wa mfalme Sedekia, Wababuloni walipokuwa wameuzingira Yerusalemu. Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa sababu ya kutabiri kwamba mji utatekwa. Binamu yake Hanameli alimjia akimtaka akomboe shamba la ukoo huko Anathothi. Kwa utabiri wake mwenyewe, shamba hilo halikuwa na thamani yoyote. Yeremia alitambua kwamba ndilo neno la Mungu, akapima shekeli 17 za fedha (karibu gramu 200), akatia hati muhuri mbele ya mashahidi, na kumwagiza karani wake Baruku aihifadhi katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Alipokwisha kulipa, ndipo alipomwuliza Mungu maana yake. Alijibiwa kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi hiyo.

Miaka ya mwisho

Wakati wa mzingiro huo wakuu walimtumbukiza katika kisima chenye matope, akaokolewa na Ebedmeleki, Mkushi aliyetumikia katika jumba la mfalme. Yerusalemu ulipoanguka (587 au 586 KK), Wababuloni walimwacha huru, naye akachagua kubaki na maskini wa nchi. Liwali Gedalia alipouawa, mabaki ya watu walimwomba awatafutie shauri la Mungu, wakiapa kulifuata. Jibu lilikuja baada ya siku 10: wasiende Misri. Walikwenda, wakamchukua na yeye pamoja na Baruku. Mapokeo yanasema alifia huko.

Koreshi wa Uajemi aliwaruhusu Wayahudi kurudi kwao mwaka 538 KK. Kitabu cha Ezra kinataja watu 128 wa Anathothi kati ya waliorudi.