Samuel Ajayi Crowther

Ajayi alizaliwa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mwaka 1821, alipokuwa kijana mdogo, wawinda watumwa waliuvamia mji wao, wakauteketeza kwa moto. Ajayi, mama yake na dada zake wakafungwa kamba shingoni, wakachukuliwa mateka, kisha wakatenganishwa. Akauzwa mara nyingi, hata akaangukia mikononi mwa Wareno, wakamtia merikebuni. Lakini Aprili 1822 manowari za Kiingereza ziliikamata merikebu ile, na watumwa wakapelekwa Sierra Leone, wakawekwa huru.

Huko Ajayi alijifunza kusoma na kazi ya useremala. Mwaka 1825 alibatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Yule aliyeuzwa kama bidhaa sasa alihesabiwa kuwa mwana wa Mungu. Walakini jina la Ajayi hakulitupa, wala lugha ya mama yake hakuisahau.

Mwaka 1843 akapewa upadre, na mwaka 1846 akafika Abeokuta kuhubiri. Mama yake akapata habari zake, akamjia. Miaka 25 ilikuwa imepita. Wakakumbatiana, wakatazamana kimya, machozi yakiwatoka. Mwaka 1848 mama naye akabatizwa, akaitwa Hannah.

Mwaka 1864 Crowther aliwekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Kianglikana. Alifanya kazi kubwa ya kuifasiri Biblia kwa Kiyoruba. Alifariki Lagos mwaka 1891. Maisha mapya hayakumtenga na watu wake, bali yalimrudisha kwao.