Mfahamu Martinus Beijerinck, aliyewanasa bakteria wa maharage

Ng'oa mche wa maharage shambani Tukuyu, tazama mizizi. Utaona vinundu vidogo vya mviringo. Wengine hudhani ni ugonjwa, kumbe ni kiwanda cha mbolea. Aliyetuonyesha nani anafanya kazi humo ndani ni Mholanzi Martinus Beijerinck.

Alizaliwa Amsterdam mwaka 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, lakini biashara ikafilisika. Kijana akasoma hivyo hivyo, akafundisha shule ya kilimo Wageningen, na mwaka 1885 akaajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft.

Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu. Swali likabaki: nani anaikamata? Mwaka 1888 Beijerinck akajibu. Alitoa bakteria kwenye vinundu, akawaotesha peke yao maabara. Hapo ndipo mlango wa kuwapaka kwenye mbegu ulipofunguka.

Hakuwa mtu rahisi. Hakuoa, na wanafunzi waliuogopa ukali wake. Alikuwa profesa Delft kuanzia 1895 hadi 1921, akafariki Januari 1, 1931.

Kwa nini mkulima wa Rungwe amjue? Kwa sababu bakteria ni viumbe hai, na udongo ndiyo nyumba yao. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huosha kalsiamu, udongo unabaki na tindikali. Udongo wa volkano nao hung'ang'ania fosforasi, mche unaikosa. Ukipaka bakteria kwenye mbegu na kupanda katika hali hiyo, unaweza kupoteza hela yako bure.

Chokaa hupunguza tindikali. Samadi iliyooza na mbolea yenye fosforasi, kama ile ya Minjingu, humpa mche nguvu ya kuwalisha bakteria. Ila urea nyingi huharibu mambo: mche ukishapata naitrojeni ya bure, hauhangaiki kutengeneza vinundu.

Kabla ya kununua pakiti, pima udongo. TARI Uyole, kituo cha utafiti wa maharage, kipo Mbeya, si mbali. Halafu maharage yakianza kutoa maua, pasua kinundu kimoja. Ndani pakiwa na rangi ya waridi, bakteria wako kazini. Pakiwa peupe au kijani, kuna tatizo.